Saa 45 kwa wiki: Chumvini nani anahesabu?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo tuanze na chumvi iliyo mezani kwako. Ili kupata gunia moja la kilo 50 kutoka baharini, yanahitajika maji yasiyopungua lita 2,000. Lita moja ya maji ya bahari hubeba gramu 35 hivi za madini ya aina mbalimbali, na katika hizo chumvi ya kula ni kama gramu 27. Tena maji hayo hayana budi kukaushwa na jua na upepo mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi, ndipo chembe nyeupe zianze kuonekana. Jua halimtozi mtu senti. Lakini kuna mtu anayefungua mlango wa maji, anayeyahamisha kutoka bwawa hadi bwawa, anayekusanya chumvi kwa beleshi, anayeisukuma kwa toroli na anayeijaza gunia. Mtu huyo anafanya kazi saa ngapi kwa wiki?

Swali hilo lilinijia nikiwa pwani ya Kilwa, kusi ikielekea ukingoni, msimu wa chumvi ukiwa umepamba moto. Nilisimama kwenye tuta la bwawa moja, jua likipiga juu ya ule weupe hata macho yakauma. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini akisugua mabuti yake ya mpira. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Baada ya kujuliana hali nikamuuliza, "Hapa kwa siku mnafanya kazi saa ngapi?" Akacheka. "Saa? Hapa tunahesabu magunia. Saa ukitaka, kamuulize aliye ofisini."

Basi nikamwomba anisimulie siku yake tangu anapoamka, nami nikaandika. Nitarudi kwenye daftari langu punde. Kwanza tuseme sheria inasemaje, maana wengi wetu, hata sisi tunaofanya kazi maofisini, tunaisikia kwa juu juu tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyotungwa mwaka 2004, inasema kwamba saa za kawaida za kazi Tanzania Bara zisizidi 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi 6, na zisizidi 9 kwa siku. Hapo pana mtego wa hesabu. Siku 6 mara saa 9 ni saa 54, lakini sheria haikusema 54. Anayemfanyisha mtu kazi saa 9 kila siku anatakiwa amwachie ikifika siku ya 5. Anayetaka siku 6 apunguze saa za kila siku. Mapumziko ya chakula ya dakika 60, ambayo mfanyakazi ana haki nayo akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, hayahesabiwi kuwa kazi wala mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa akimtaka mfanyakazi aendelee na kazi au akae tayari kwa kazi muda huo.

Saa za ziada zinaruhusiwa, lakini kwa makubaliano na si kwa amri. Zisipite 50 katika kila wiki 4, na jumla ya kazi kwa siku moja isipite saa 12. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Usiku, kwa maana ya sheria, ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku huongezewa asilimia 5. Kila wiki mfanyakazi apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika. Akikubali kufanya kazi katika saa hizo za mapumziko, malipo yake ni maradufu.

Tukilinganisha na majirani, sisi hatujambo. Uganda, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2006, kikomo ni saa 48. Kenya, kwa amri yao ya jumla ya mishahara, wiki ya kawaida inaweza kufika saa 52 katika siku 6. Kikomo cha kwanza cha kimataifa kwa kazi za viwandani kiliwekwa Washington mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mkutano wake wa kwanza: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Uingereza, ambayo muda si mrefu baadaye ilikabidhiwa kuitawala Tanganyika, haikuuridhia mkataba ule.

Sasa turudi chumvini. Pwani ya Kilwa na Lindi kazi hii inafuata mabwana wawili, bahari na mvua. Mvua za kule ni za msimu mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mvua ikinyesha, chumvi inayeyuka na kazi inakufa. Kwa hiyo msimu wa chumvi ni kama miezi 6, tangu Juni hadi Novemba. Ndani ya msimu huo bahari nayo ina ratiba yake. Maji mafu hayafiki kwenye mabwawa yaliyo nyuma ya mikoko. Yanayofika ni ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwenye pwani yetu kujaa kwa bamvua huangukia saa 10 au saa 11, alfajiri na jioni. Mlango wa maji hauwezi kusubiri ofisi ifunguliwe.

Haya ndiyo niliyoandika katika daftari kutokana na maelezo ya mzee. Saa 12 asubuhi kazi ya kukusanya chumvi imekwisha anza, kwa sababu jua likishapanda weupe ule haustahimiliki. Saa 5 wanapumzika. Saa 9 alasiri wanarudi, wanaendelea mpaka saa 12 jioni. Hizo ni saa 8, na mpaka hapo hakuna lawama. Lakini siku za bamvua anaamka saa 10 alfajiri kufungulia maji, na zile siku ambazo hakuna bamvua kuna matuta ya kutengeneza, magunia ya kushona na lori la kupakia. Kwa wastani, kwa maelezo yake, ni saa 2 zaidi kila siku. Jumla saa 10. Nikamuuliza siku ya kupumzika. Akasema Ijumaa wanatoka kwenda kuswali, kisha wanarudi.

Saa 10 mara siku 7 ni saa 70 kwa wiki. Ukitoa 45 za kawaida, saa za ziada ni 25 kwa wiki, yaani 100 katika wiki 4. Sheria imeweka kikomo cha 50. Mzee huyu anavuka kikomo maradufu, na kwa zile saa 2 za alfajiri alikuwa astahili pia nyongeza ya usiku. Halipwi hilo wala lile. Analipwa kwa gunia.

Nilipomweleza msimamizi hesabu hii, alinijibu jambo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu. Alisema, "Ndugu mwandishi, hawa wakati wa masika wanakaa bure miezi 6. Chukua mwaka mzima, utaona hata saa zenyewe hazifiki."

Na kweli, ukichukua mwaka mzima, hazifiki. Wiki 26 za msimu mara saa 70 ni saa 1,820. Zigawanye kwa wiki 52 za mwaka, unapata saa 35 kwa wiki. Saa 35 tu! Hapo ndipo penye ajabu ya wastani. Katika takwimu zetu za nguvukazi, anayefanya kazi chini ya saa 40 kwa wiki, naye anataka na yuko tayari kufanya zaidi, huhesabiwa kuwa ana upungufu wa kazi. Mtu yuleyule ambaye mwezi Septemba nyonga zake zinawaka moto, kwa wastani wa mwaka anatokea kuwa mtu mwenye nafasi.

Wastani wenyewe si kitu kibaya. Wenzetu wa Marekani hutangaza kila mwezi, nchi nzima na jimbo kwa jimbo, wastani wa saa za kazi kwa wiki katika sekta zinazozalisha bidhaa, yaani viwanda, ujenzi na migodi. Viwandani huko wastani hucheza karibu na saa 40. Wachumi wanaifuata tarakimu hiyo kama mvuvi anavyofuata mawingu. Sababu yake ni nyepesi. Mwenye kiwanda akiona oda zinapungua, hakimbilii kufukuza watu. Kwanza anakata saa za ziada, kisha anapunguza zamu, na watu huwafukuza mwisho. Hali ikianza kutengemaa, vilevile huongeza saa kabla ya kuongeza watu. Kwa hiyo saa za viwandani hutangulia kusema kinachokuja, na wamezitia katika orodha ya vipimo vyao vya kuashiria mwelekeo wa uchumi.

Lakini tarakimu ile inafanya kazi kwa sababu aliyehesabiwa ana kadi ya saa, na malipo yake yanatoka kwenye hiyo kadi. Wakisema saa 40 wana maana ya saa zilizolipiwa. Kwetu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya utafiti wa nguvukazi kila baada ya miaka kadhaa, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa 2020/21, na watafiti huuliza mtu alifanya kazi saa ngapi katika wiki iliyotajwa. Ni kazi nzuri na ngumu. Hata hivyo fikiri mwenyewe: ukimuuliza mfanyakazi wa chumvi swali hilo Septemba, jibu ni 70. Ukimuuliza Machi, jibu ni sifuri, au atakutajia saa za shambani kwake, ambazo tangu wataalamu wa takwimu za kazi walipokutana Geneva mwaka 2013 hazihesabiwi kuwa ajira ikiwa mazao ni ya kula nyumbani. Utafiti mzuri hutawanya mahojiano yake katika mwaka ili kuepuka kosa hilo. Kosa linaepukwa, lakini kinachotoka mwishoni ni kile kile: 70 na sifuri zinakutana katikati, na katikati pale hapana mtu.

Msidhani ninawazungumzia watu wa chumvi peke yao. Pwani hiyohiyo kuna Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, ambako gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004. Gesi ile ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme ya Ubungo. Katika kazi za gesi na mafuta duniani ni kawaida watu kuishi kazini kwa zamu. Tuchukue mfano wa zamu ya wiki 4 kazini na wiki 4 nyumbani. Akiwa kazini, mtu hufanya saa 12 kila siku, siku 7, yaani saa 84 kwa wiki. Akiwa nyumbani ni sifuri. Wastani wake ni saa 42. Ukitazama kwa karatasi, mtu wa gesi anafanya kazi zaidi ya mtu wa chumvi, 42 kwa 35.

Tofauti yao haipo kwenye wastani. Ipo kwenye karatasi nyingine, na hapa, ndugu msikilizaji, ndipo ninapotaka utege sikio. Sheria yetu inaruhusu kweli saa kuhesabiwa kwa wastani wa muda mrefu, hata wa mwaka mmoja. Lakini imeweka sharti. Wastani huo lazima uwe umekubaliwa katika mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa. Na hata ukikubaliwa, wastani wa saa za kawaida usizidi 40 kwa wiki, si 45 tena, na za ziada zisizidi 10. Mahali ambapo hakuna mkataba wa namna hiyo, kila wiki inasimama yenyewe mbele ya sheria. Wiki ya Septemba yenye saa 70 haifutwi na wiki ya Machi yenye sifuri. Yule msimamizi aliyeniambia nichukue mwaka mzima alikuwa akitumia haki ambayo hakuinunua.

Nasema "kuinunua" kwa makusudi. Mkataba wa pamoja ni biashara ya pande mbili. Wafanyakazi wakikubali kubanwa wakati wa jua, watataka kitu kwa ajili ya mvua: malipo kidogo ya kuwashikilia masika, au ahadi ya kuitwa wao kwanza msimu ukirudi, au bei ya gunia inayopanda siku za bamvua. Bila chama, upande mmoja unachukua wastani bure.

Najua upande wa pili utasema nini, nao wana lao la kusema. Wamiliki wengi wa mashamba ya chumvi pwani ile si matajiri. Wapo walio na mabwawa machache, wanafanya kazi humohumo pamoja na watoto wao, na bei ya chumvi shambani haina huruma. Chumvi kisheria ni madini, kwa hiyo wanahitaji leseni kama mchimbaji wa dhahabu, bila kipato cha dhahabu. Mmoja akaniambia, "Sisi hatupangi saa, bahari ndiyo inayopanga." Neno zuri, na kwa sehemu ni kweli. Sheria yenyewe inatambua kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika saa za kawaida, na huilegezea vikomo. Mvua ikitokea ghafla mwezi Oktoba, chumvi ikiwa imelala bwawani, kila mkono unatakiwa, na hakuna atakayelaumu. Lakini bamvua si dharura. Majedwali ya kupwa na kujaa hutolewa kwa mwaka mzima kabla mwaka haujaanza. Hata mtoto wa Kilwa Kivinje anayekwenda kuvua pweza anakuhesabia kwa vidole bamvua inayokuja. Jambo linalojulikana mwaka mzima kabla halijatokea linaweza kupangiwa zamu.

Watu watauliza: je, anayelipwa kwa gunia ni mwajiriwa, au ni mkandarasi wa nguvu zake mwenyewe? Hili ni swali la zamani pwani ile. Mashamba ya mkonge, kama lile la Kikwetu jirani na mji wa Lindi, yaliendeshwa tangu ukoloni kwa mtindo wa kipande. Mfanyakazi alipewa kadi ya siku 30, na kila alipomaliza kazi aliyopimiwa siku ile, kadi ilitiwa alama. Asipoimaliza, siku ile haikuwapo. Mshahara ulipatikana kadi ikijaa, hata kama kuijaza kulimchukua wiki nyingi zaidi ya mwezi. Hapakuwa na haja ya kujua saa. Aliyekuwa na nguvu alimaliza mapema, mgonjwa aliingia giza akiwa bado anakata. Ukiuliza wastani wa saa katika shamba la namna hiyo, karani angekutazama kama yule mzee alivyonitazama mimi.

Na kabla ya mkonge kulikuwa na pamba ya Wajerumani. Mpango wao wa mashamba ya pamoja, ulioanza mwaka 1902 upande wa Dar es Salaam, ulimtaka kila mtu atoe siku 28 za kazi kwa mwaka, na malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Siku 28 kwa mwaka, ukizigawa, ni kama nusu siku kwa wiki. Kwa wastani ni jambo dogo! Ila siku zile ziliangukia wakati wa mashamba ya watu wenyewe, na pengi hazikuishia 28. Huko Nandete, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu waling'oa miche ya pamba mwezi Julai mwaka 1905, na vita vya Maji Maji vikaanza. Silinganishi mwenye bwawa la chumvi na akida wa Kijerumani, la hasha. Nasema tu kwamba pwani hii imewahi kuona jinsi mzigo unavyoweza kuonekana mwepesi kwenye karatasi.

Tuje kwenye jibu la sheria ya leo kuhusu anayelipwa kwa gunia. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, imeweka dhana inayomkinga. Mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba wake uitwe jina lolote, ikiwa mojawapo ya mambo yaliyotajwa lipo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwa mambo hayo: kwamba anaelekezwa namna ya kufanya kazi, kwamba saa zake zinapangwa na mwingine, kwamba anapewa vifaa, kwamba anamtegemea mtu huyo kwa riziki. Na moja linahusu wastani: kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Nimesema kwa mwezi, si kwa wiki. Mzee wangu wa mabuti huzimaliza saa hizo kabla wiki haijaisha.

Kuna wastani mwingine unaomfaa. Asiyelipwa kwa muda, sheria ya ajira inasema ahesabiwe kama analipwa kwa wiki, na mshahara wake wa wiki upatikane kwa kuchukua alichopata katika wiki 13 zilizopita. Tufanye hesabu kwa tarakimu nyepesi, si za shamba lolote. Mtu amepata shilingi 1,170,000 kwa magunia ya wiki 13. Gawanya kwa 13, ni shilingi 90,000 kwa wiki. Gawanya kwa saa 45, ni shilingi 2,000 kwa saa. Basi saa yake ya ziada ni shilingi 3,000, na saa 25 za ziada kwa wiki ni shilingi 75,000. Watakuwapo watakaobisha kwamba gunia la saa ya ziada limekwisha lipwa ndani ya bei ya gunia, na ubishi huo ni wa wanasheria. Lakini ubishi hauwezi hata kuanza ikiwa hakuna aliyeandika saa.

Wewe uliye mjini, unayelipwa kwa mwezi, hesabu yako ni hii. Gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa zako za kawaida. Kwa anayefanya saa 45 ni sawa na kugawanya kwa 195. Anayepata shilingi 390,000, saa yake ni shilingi 2,000. Wako wengi viwandani na kwenye majengo yanayoinuka mijini ambao hulipwa saa za ziada kwa bei wanayotajiwa tu, na hawajawahi kuipima.

Sheria pia inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, saa za kazi zikiwamo. Kesi ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Malalamiko ya malipo hupelekwa ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Kutoka shamba la chumvi hadi ofisi inayosikiliza malalamiko ni nauli, na siku ya nauli ni siku bila gunia. Hapo ndipo kesi nyingi zinapoishia, na sioni kwamba vyama vyetu vya wafanyakazi vimehangaika vya kutosha kuwafuata watu wa msimu, labda kwa sababu ada yao nayo ni ya msimu.

Kwa miaka mingi sasa Lindi imekuwa ikitajwa kwa mradi mkubwa wa kusindika gesi iwe kimiminika huko Likong'o, na Kilwa Masoko bandari ya uvuvi ilianza kujengwa mwaka 2023. Kazi za namna hiyo huja na kadi za saa, zamu na maofisa wa kuhesabu. Itakapofika siku mtu akatangaza wastani wa saa za kazi wa mkoa wa Lindi katika viwanda, migodi na ujenzi, tarakimu itapendeza. Ila muulizeni kama watu wa chumvi wamo, na kama wamo, waliulizwa mwezi gani.

Kabla ya kuondoka niliomba kuona daftari la shamba. Msimamizi hakusita, akanifungulia. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, mwandiko safi. Safu ya jina, safu ya magunia, safu ya bei, safu ya alichokopa na safu ya kilichobaki. Pembezoni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika tarehe za bamvua mpaka mwisho wa Novemba.